Udongo wa Masisi

Siku Harelimana na mkewe walipofika mtaa wa Mabanga, mjini Goma, mama Nshobole alikuwa sokoni, na mumewe Modeste ndiye aliyewapokea. Mambo yote yaliyofuata yalianzia hapo. Si kwamba Modeste alikuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, asingeharibu kitu.

Modeste alikuwa fundi cherehani. Alizaliwa Bukavu mjini, akakulia mjini, na viazi alivijua vikiwa vimeshafika kwenye sahani. Alikuwa mlangoni akishona kola ya shati la shule pikipiki iliposimama mbele yake, imebeba dereva, mzee mmoja, mama mmoja, furushi la nguo na gunia. Barabara ya Masisi ilikuwa imefungwa. Mabomu yalisikika upande wa Sake, kwenye barabara hiyo hiyo, mchana kutwa, na watu walikuwa wakiingia Goma kwa miguu, wenye mbuzi na mbuzi wao, wenye wagonjwa na wagonjwa wao. Modeste alimjua mzee Harelimana kwa sifa: mkulima wa viazi kutoka Masisi, mtu wa kwanza kuuza katika soko la mkewe, ambaye mkewe alimtaja nyumbani mara nyingi kuliko alivyomtaja padri.

"Bageni, muingie," Modeste alisema. "Hapa ni kwenu."

"Aksanti, papa. Tunawaletea mateso tu."

"Mateso gani? Na gunia munabeba. Hata katika vita munakumbuka bantu."

Harelimana aliliangalia gunia. Élisabeth, mkewe, aliangalia chini. Mtu wa milimani hafiki kwa watu mikono mitupu. Hilo Modeste alifundishwa na mama yake, na alifurahi kuona adabu bado ipo duniani. Akalibeba gunia mwenyewe mpaka uani. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, kwa sababu nusu yake ilikuwa udongo, na ndani ya udongo mlikuwa na viazi vidogo vidogo, ukubwa wa yai la kuku, vimeota machipukizi. Akaona kwamba vimeanza kuharibika, kwa hiyo afadhali vipikwe siku hiyo hiyo.

Binti zake walikuwa wameolewa mbali, na mke hayupo. Modeste alijifunga kitenge cha mkewe kiunoni, akakaa kwenye kigoda, akaanza kumenya. Mwanamume wa Mabanga akimenya viazi, habari hufika mtaa wa Majengo kabla maji hayajachemka. Jirani mmoja alikuja kuomba kiberiti ambacho hakukihitaji, ili ajionee. Modeste hakujali. Élisabeth aliposimama amsaidie, alimrudisha kitini: mama aliyekimbia vita hamenyi viazi siku ya kwanza. Harelimana alikaa sebuleni, mikono juu ya magoti, akisikiliza kisu kikikwangua.

Zilikuwa mbegu. Kwa misimu mitatu alikuwa amechagua mashina ambayo ugonjwa wa kunyauka uliyapita bila kuyagusa, akayatenga, akayapanda tena, akayachagua tena. Siku ya kukimbia aliacha ng'ombe, akaacha mlango wazi, lakini mbegu alizifukia ndani ya udongo wa shamba lake ili machipukizi yasivunjike njiani. Angeweza kusema. Neno lenyewe lilikuwa moja tu. Lakini mwenye nyumba alikuwa ameshaliita gunia zawadi, ameshashukuru, na kisu kilikuwa kimeshaanza kazi.

Nshobole aliporudi aliwakuta mezani. Aliwakumbatia wote wawili, akawapa pole, akalia kidogo.

"Birayi ya kwabo ni tamu sana," Modeste alisema. Birayi ndivyo watu wa huko wanavyoviita viazi. "Mie mwenyewe nilipika. Uliza majirani."

"Ni tamu, papa," Harelimana alisema, akatia kingine mdomoni.

Nshobole alitoka uani kunawa, akaona maganda. Machipukizi yalikuwa yamekatwa vizuri na kuwekwa pembeni, kwa sababu Modeste alikuwa mtu wa usafi. Mama yule alisimama pale na birika mkononi. Alikuwa ameuza viazi miaka mingi, na hakuhitaji mtu wa kumweleza. Élisabeth alimfuata akiwa na sufuria.

"Mama," Nshobole alimwambia kwa sauti ya chini, "hii ilikuwa mbegu?"

"Ilikuwa birayi tu, mama. Leta jivu tusugue sufuria."

Nshobole alileta jivu. Hakumwambia mumewe kitu, usiku ule wala baadaye. Alijiambia kwamba anamhurumia.

*

Soko lake lilikuwa kwenye kiwanja cha mzee Ruffin, njia ya kwenda Majengo. Wakulima wa Masisi walileta mazao wenyewe na kuuza wenyewe. Nshobole alisimamia, akagawa nafasi, akaamua ugomvi, na kila mmoja alimwachia pesa kidogo, ya kiwanja na yake. Walimwita Mama Prezida. Sheria ya soko ilikuwa moja: kiazi kije na udongo wake. Udongo wa Goma ni mweusi, majivu na mawe ya volkano, na viazi vinavyovuka mpaka kutoka Rwanda na kushukia soko la Birere navyo hutoka kwenye udongo mweusi. Ule wa akina Harelimana ni mwekundu na huganda kwenye ngozi. Mnunuzi alisugua kiazi kwa kidole gumba, akakitazama kidole, akalipa bei ya juu bila ubishi. Biashara nzima ilisimama juu ya kidole hicho.

Mlinzi wa sheria hiyo alikuwa Harelimana. Mwaka uliotangulia mchuuzi mmoja aitwaye Fiston, baba wa watoto, alileta viazi vya Birere alivyovipaka matope. Harelimana alivimwagia maji mbele ya watu, akatoa hotuba juu ya uaminifu, akamwambia achukue beseni lake aende. Fiston alilichukua akaenda.

Sasa barabara imefungwa na soko halina kitu. Siku ya soko wakulima waliokimbilia mjini walikuja kwa mazoea, kila mtu akakaa mahali pake, mbele yake hakuna kitu. Waliamkiana. Wateja walipita wakawapa pole, wakaendelea Birere. Pole hailipi kiwanja, na mzee Ruffin alikuja kulisema hilo mwenyewe.

"Mama Prezida, mie siko mutu mubaya. Lakini parcelle yangu haiwezi kulala. Iko bantu ya mbao banaitaka."

"Utuvumilie kidogo, papa. Unaona vita."

"Vita naona. Ni ya sisi wote. Samedi, siku ya soko, nikikuta tena bantu banakaa tu kama ku misa, nitaipa ba mbao."

Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyeitunga hakuwahi kukaa Mabanga. Pale ukipiga jembe chini unapata cheche. Harelimana alifagia ua, akatengeneza mlango wa choo, akafagia tena ua. Kisha siku moja alimwita Nshobole nyuma ya nyumba, penye gunia lake. Udongo ulikuwa bado ndani.

"Mama, huu udongo ni ya kweli."

"Najua, muzee."

"Na pa Birere iko birayi."

Hakuongeza neno, na hakumwangalia usoni. Nshobole alikuwa na hotuba nzima ya kumjibu. Aliijua kwa moyo, kwa kuwa aliisikia kwa Harelimana mwenyewe siku ile ya Fiston. Alifungua mdomo, akakumbuka maganda, akaufunga. Mtu uliyemlia mbegu utamfundishaje uaminifu? Na tuseme kweli yote: alilitaka soko lake. Nyumbani alikuwa mke wa fundi cherehani, kanisani alikuwa sauti mojawapo ya kwaya. Pale kwenye kiwanja cha Ruffin tu ndipo watu walipomngoja aseme.

"Tujaribu mara moja," alisema.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hufika Birere na kurudi.

*

Aliyekuwa na viazi vya bei nzuri Birere alikuwa Fiston. Harelimana alizunguka kwa wengine kwanza, akauliza bei, akarudi, akavua kofia.

"Jambo, muzee," Fiston alisema. "Poleni na vita."

"Aksanti. Unipimie gunia mbili."

"Ya kukula ao ya kuuzisha?"

"Ya kuuzisha."

"Kwa Mama Prezida?"

Harelimana alianza kuhesabu pesa. Nyuma yake mtu wa kuvuta chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, alikuwa akingoja mzigo na kusikiliza.

"Na ile maji, muzee," Fiston alisema, "siku hizi hamumwangi tena?"

"Siku hizi maji inakosekana."

Fiston hakucheka. Alimpimia magunia mawili, akayasukasuka yajae vizuri, kisha akaongeza viazi kadhaa juu, matabishi, kama anavyopewa mteja wa heshima. Harelimana angependa zaidi kutukanwa.

Nyumbani walivitumbukiza viazi kwenye beseni la udongo wa lile gunia, uliokorogwa na maji, wakavianika juu ya majani ya migomba mpaka vikakauka na rangi yake. Élisabeth alikuwa hodari. Alijua kiazi hushika udongo wapi na wapi hubaki wazi. Modeste alipouliza, aliambiwa hivyo ndivyo viazi vinavyohifadhiwa wakati wa vita. Akaridhika, akarudi kwenye cherehani.

Jumamosi mteja wa kwanza alikuwa mama Cibalonza, muuza frites, yaani viazi vya kukaanga, wa Majengo, mwanamke mnene mwenye kidole gumba kinachoogopwa. Alisugua kiazi, akatazama kidole.

"Njo hii yenyewe," alisema. "Ilipita wapi?"

"Mungu ni mukubwa," Nshobole alijibu, na hilo si uongo.

Cibalonza alinunua mabeseni matatu. Siku hiyo mabomu yalikuwa yakitingisha mabati, kila mtu sokoni alijua kwamba hata kuku hapiti Sake, na hakuna aliyeuliza mara ya pili. Baadaye watu walijijibu wenyewe. Wengine walisema viazi hupita ziwani usiku, wengine walisema askari huvileta kwa malori yao. Nshobole hakusema hiki wala kile, aliwaacha waseme. Mzee Ruffin alipokea chake, akasema alijua tangu mwanzo kwamba mama yule ni mtu wa kazi. Wakulima wengine nao waligawiwa kitu cha kuweka mbele yao, bila kuuliza kilikotoka. Kila siku ya soko ilipokwisha, Nshobole alihesabu, akamgawia Harelimana, wakakwepana macho, wakarudi nyumbani pamoja wakizungumzia mvua.

Iliendelea hivyo hata mtu akaanza kusahau kwamba ni uongo. Harelimana alianza tena kuwakemea wenzake wanaopanga mafungu vibaya.

*

Mama aliyekuja na kopo la plastiki alitoka kambi ya wakimbizi ya Bulengo. Aliitwa Marie-Claire, na alikuwa ametembea kwa miguu tangu kambini kwa sababu aliambiwa kuna mahali Mabanga panauzwa viazi vya kwao. Alichuchumaa mbele ya Harelimana, akaacha vikubwa, akaanza kuchagua vidogo. Kila kimoja alikigeuza, akatafuta macho yake, akahesabu machipukizi kwa ukucha.

"Chukua na kubwa, mama," Harelimana alimwambia. "Hizi ndogo hazishibishi."

"Siko na shida ya kushiba, muzee. Ni ya mbegu."

"Mbegu."

"Nimeuzisha mafuta bazungu balitugawia. Vita ikiisha, nisirudi kwetu mikono mitupu. Nasikia hii ni ya Masisi, ya mutu mumoja anachaguaka mwenyewe, haikamatwe na ile ugonjwa ya kunyauka." Akanyanyua kiazi kimoja. "Hii itaota, si njo?"

Harelimana alikichukua kile kiazi mkononi mwake. Hatua chache kutoka hapo Nshobole alikuwa akimpimia mama Cibalonza, na alisikia kila neno. Kiazi cha kula ni kiazi cha kula. Ukidanganywa, umepoteza faranga. Lakini kiazi usichokijua kilikotoka, ukikizika shambani, kinaweza kuleta ugonjwa utakaobaki kwenye udongo miaka na miaka, ukaharibu shamba la mtu ambaye hakubakiwa na kingine. Harelimana alilijua hilo kuliko alivyojua sala.

"Usipande hii, mama," alisema.

"Juu ya nini?"

"Ni ya Birere." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayetaja bei. "Siijui kwenye ilitoka. Udongo ni mie niliipaka."

Mama Cibalonza aligeuka, beseni likiwa kiunoni.

"Unasema nini, muzee? Tangu lini?"

"Tangu barabara ifungwe. Yote. Ni mie peke yangu. Mama Prezida hakujua kitu."

Basi mlango wa kujiokoa ukawa wazi, naye Nshobole alikuwa amesimama mbele yake. Watu wote walimtazama, na nyuso zao zilikuwa tayari kumwamini. Mzee alikuwa amejitoa mwenyewe, bila kuombwa. Ilibaki yeye kushtuka, kumfokea kidogo, kumwagia maji viazi vyake mbele ya watu kama sheria inavyotaka, na soko lingekuwa lake mpaka siku barabara itakapofunguka. Alitamani kufanya hivyo. Hata mkono wake ulikuwa umeshaanza kutafuta ndoo.

"Nilijua," alisema.

"Mama, nyamaza," Harelimana alimwambia.

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Tulifanya pamoja, pale kwangu." Akamgeukia yule mama wa kopo. "Mama, ile mbegu balikuambia, ilikuwako. Ni huyu muzee alikuwa nayo. Alikimbia nayo mpaka mu nyumba yangu. Sisi tukaikula."

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa heri. Mama Cibalonza alimimina viazi kutoka kwenye beseni lake, taratibu, akanyoosha mkono arudishiwe pesa yake, na ya siku hiyo tu, ingawa alikuwa na haki ya kudai zaidi. Wengine wakapanga foleni nyuma yake. Nshobole alirudisha mpaka mfuko wa kitenge chake ukabaki mwepesi. Mbele yake wakulima wenzake walianza kukunja magunia yao, na mmoja wao akatema mate, si karibu sana na miguu yake, lakini si mbali pia.

Marie-Claire ndiye aliyebaki. Alikuwa bado amechuchumaa, kopo lake tupu mapajani.

"Sasa mbegu nitapata wapi?" alimuuliza Harelimana.

Mzee alifikiri kwa bidii, kwa sababu lilikuwa swali la kazi yake, na watu walikuwa wakimuuliza maisha yake yote. Mwisho alitikisa kichwa. Marie-Claire alisimama, akajikung'uta, akamwambia aksanti, akashika njia ya kambini. Kabla ya jua kuzama mzee Ruffin alikuwa ameshazungumza na watu wa mbao.

*

Habari ilifika kwa Modeste kabla ya mkewe. Ililetwa na yule jirani wa kiberiti, ambaye safari hii hakusingizia kuomba kitu.

Nshobole na Harelimana walipoingia, cherehani ilikuwa kimya. Modeste alikuwa ameketi nyuma yake, suruali ya mtu imebaki chini ya sindano. Hakuna aliyemsalimu mwenzake. Harelimana alipita moja kwa moja ndani, na baada ya muda yeye na Élisabeth walitoka na furushi lao limefungwa. Wakaliweka karibu na mlango.

"Papa Modeste, mama," Harelimana alisema, "mulitupokea vizuri sana. Tutaenda kule Bulengo. Bantu bengi ya kwetu beko pale. Nimeshaharibu kazi ya mwenye nyumba, siwezi tena kulala kwake."

"Hamuendi nafasi yoyote," Nshobole alisema.

"Mama, turuhusu."

Modeste alinyanyuka. Alikuja polepole mpaka mbele ya mzee.

"Muzee, ile birayi nilipika. Ni kweli ilikuwa mbegu?"

"Ilikuwa mbegu, papa."

"Na uliniangalia ninamenya."

"Nilikuangalia."

"Mie ni mutu ya mashini. Birayi sijui. Ungenishika mukono tu. Ungesema neno moja." Akamgeukia mkewe. "Na weye. Siku hizi zote ninajisifu kwa majirani mu quartier mie ni mupishi."

Nshobole aliangalia ukuta. Harelimana alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, akiizungusha.

"Papa," alisema, "mu njia tuliona bantu banapita juu ya benzao. Kwenye barrière ya barabara askari alisoma jina yangu mara mbili, akaniuliza kama niko mutu ya nani. Mutu alikuwa haangalie mwenzake tena. Tukafika hapa. Mwanaume hata hanijue, akajifunga kitenge ya bibi yake, akakaa chini, akatumenyea birayi. Ningesema nini?"

Nje mtu alipita akiuza mkaa, akitaja bei mpya.

Élisabeth, ambaye tangu aje katika nyumba ile hakuwahi kusema neno lisiloulizwa, alikohoa.

"Na haikuiva, papa," alisema. "Katikati ilikuwa mbichi."

Modeste alifungua mdomo kama anayetaka kucheka. Badala yake alikaa chini, juu ya furushi lao, akafunika uso na kulia kwa sauti, kama mtoto, mlango ukiwa wazi na majirani wakiona. Hakuna aliyemnyanyua. Na kwa kuwa alikuwa amelikalia furushi, wageni hawakuweza kuondoka.